Kutoka Rufiji hadi Ziwa Nyasa: shajara ya safari katika barabara kuu za kusini

Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ni mahali pazuri pa kuchunguza barabara kuu humfanyia nini mwananchi, kwa sababu watu wazima wengi wa huko wanaikumbuka vizuri hali ya kabla ya lami na wanaishi katika hali ya baada yake. Kwa miaka mingi kusini ilihesabiwa kuwa mbali, na umbali huo haukutokana na kilomita. Masika yalipoingia njia ilifungwa, na hakuna aliyejua itafunguka lini. Niliamua kuipita njia hiyo kwa mabasi na malori, kuanzia Dar es Salaam hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, nikiuliza kila nilipofika swali lilelile: barabara imewaletea nini watu wa hapa, na ardhi, maji na wanyama wa hapa wamepata nini au wamepoteza nini.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Somanga

Basi lilitoka Mbagala alfajiri, likapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, na kabla jua halijawa kali tulikuwa juu ya Daraja la Mkapa, tukiutazama mto Rufiji ukipita chini mpana na wa rangi ya udongo. Daraja hilo lenye urefu wa takriban mita 970 lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yote yaliyokwenda kusini yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu. Dereva wetu, mzee ambaye alianza kazi kama utingo wa lori katika miaka ya 1990, alinieleza wakati wa mapumziko jinsi foleni ya kivuko ilivyokuwa. Mto ukijaa kupita kiasi kivuko kilisimama, na gari lililobeba machungwa au samaki likabaki pale hadi mzigo uoze.

“Na ukishavuka, kaka, ndipo safari inapoanza,” aliniambia. Alikuwa akizungumzia kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambacho kilibaki bila lami kwa miaka mingi hata baada ya daraja kukamilika, kikiwa na mchanga wa tifutifu wakati wa kiangazi na udongo wa mfinyanzi wakati wa mvua. Kila lori lilibeba koleo, majembe, minyororo na mbao za kuweka chini ya matairi. Abiria walisukuma, walilala porini, na wenye watoto wadogo walijifunza kufunga chakula cha siku zaidi ya zile walizoambiwa. Kipande hicho kilikuja kukamilika kwa lami katika muongo wa 2010, na kwa maelezo ya mzee huyo siku ile ndiyo kusini ilipounganishwa kweli na Dar es Salaam, kwani hadi wakati huo daraja lilikuwa limewavusha watu kutoka kwenye tatizo moja na kuwaingiza katika jingine.

Jioni, nikiwa Somanga, nilimuuliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi na vyakula vya jumla ni jambo gani hasa limebadilika kwake. Nilitarajia ataje kasi ya magari. Yeye alitaja mtaji. Zamani, kabla ya masika, alilazimika kununua shehena ya kumtosha kwa miezi yote ya mvua, na fedha zake zote zikalala stoo katika magunia ya sukari na mifuko ya saruji ambayo mingine iliganda kwa unyevu. Siku hizi hununua kidogo kidogo kila juma, fedha inazunguka, na bei ya rafuni haipandi ghafla mawingu yanapotanda. Hili ndilo jambo ambalo nimelikuta tena na tena katika safari hii, na ninaliona kuwa faida kubwa kuliko zote: barabara nzuri huwapa watu uhakika. Mtu anayejua kwamba gari litapita kesho, na juma lijalo, na hata mvua ikinyesha, hupanga maisha yake kwa namna tofauti kabisa na mtu anayebahatisha. Anaweza kukopa, kuahidi na kulima zao linaloharibika upesi. Mjamzito anaweza kusubiri nyumbani kwake badala ya kuhamia kwa ndugu mjini miezi miwili kabla ya kujifungua.

Siku ya pili: Somanga hadi Lindi

Uhakika huo uliwahi kukatika, na ni haki kusimulia ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Mei 2024, baada ya msimu wa mvua nyingi zilizokuwa tayari zimejaza mito, kimbunga Hidaya kilipiga pwani na mvua yake ikasomba madaraja na makalvati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, kati ya Somanga na Mtama. Kwa siku kadhaa kusini ilikatika na Dar es Salaam. Waliolazimika kusafiri walizunguka kupitia Songea na Masasi, safari ndefu mno, lakini iliwezekana kwa sababu lami ya ukanda wa Ruvuma ilikuwa imekwisha kujengwa. Miaka 20 kabla yake njia hiyo ya kuzungukia isingepitika katika mwezi kama huo. Katika kuhesabu faida za barabara mpya watu huisahau hii mara nyingi: barabara ya pili huiokoa ile ya kwanza siku inapokatika.

Niliomba kushushwa kwenye mojawapo ya mabonde yaliyoathirika ili nione kwa macho. Barabara ikivuka bonde la mto, kwa kawaida hujengwa juu ya tuta refu la udongo ili lami ibaki kavu. Tuta hilo, likiachiwa matundu machache na madogo, hugeuka kuwa ukuta unaozuia maji. Maji hujikusanya upande wa juu, huzamisha mashamba ambayo hayakuwahi kufurika, kisha shinikizo likizidi hupasua tuta na kutoka kwa nguvu ambayo hakuna kalvati inayoweza kuihimili. Mzee mmoja mkulima wa ufuta, ambaye shamba lake liko upande wa juu wa barabara, alinionyesha alama ya matope kwenye shina la mwembe, juu ya kimo changu. Aliniambia kwamba baba yake alilima bonde lile miaka yote na maji yalikuwa yakija yakipita, hayakai.

Hasira yake ilikuwa juu ya ukubwa wa matundu, wala hakutaka barabara iondolewe. “Mwanangu, sisi barabara tunaitaka. Maji nayo yapewe njia yake,” alisema. Kazi niliyoikuta ikiendelea ilikuwa inaelekea huko: badala ya mabomba ya zege yaliyopangwa sambamba, sehemu kadhaa zinajengewa madaraja yenye nafasi pana, na miguu ya matuta inafunikwa kwa mawe ili maji yasiule udongo. Daraja pana hugharimu zaidi siku ya kujengwa. Hata hivyo, huwaacha samaki wapande mto, huliachia bonde mafuriko yake ya kawaida yanayoleta rutuba, na hubaki limesimama. Katika mambo yote niliyoyaona, hapa ndipo maslahi ya mhandisi, ya mkulima na ya mto yanapokutana bila mgongano wowote, na ninashangaa kwamba hesabu za mifereji na makalvati bado huonekana kuwa jambo dogo mbele ya hesabu za lami.

Kutoka hapo tulipita njia panda ya Nangurukuru, ambako barabara ya kwenda Kilwa Masoko inachepuka. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini wageni walioweza kuyafikia kwa nchi kavu walikuwa wachache hadi lami ilipofika. Wavuvi wanaouza pweza na samaki, ambao zamani walilazimika kukausha au kukaanga karibu kila kitu, sasa wanasafirisha sehemu ya mavuno ikiwa mbichi kwenye masanduku ya barafu. Lindi tuliingia usiku.

Siku ya tatu: Lindi hadi Mtwara

Safari fupi, lami nzuri, na machache ya kuongeza. Mtwara nilitembelea eneo la bandari, ambako gati jipya la mita 300 limeongeza uwezo wa kupokea meli kubwa. Bandari hii ina kina kirefu cha asili na ilijengwa tangu enzi ya ukoloni, lakini kwa miongo mingi ilipata mzigo kidogo kwa sababu barabara za nyuma yake hazikuweza kuuleta. Sasa malori ya korosho na ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yanapanga foleni nje ya lango. Nilikumbuka maneno ya mwenye duka wa Somanga: bandari nayo inahitaji uhakika, kwa maana meli haiwezi kusubiri mvua ikatike ndipo ipakiwe.

Siku ya nne: Mtwara, Mnivata na Newala hadi Masasi

Kuna njia mbili za kutoka Mtwara kwenda Masasi. Ya kawaida hupitia Mnazi Mmoja na Ndanda. Nilichagua ile inayopanda uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba na Newala, kwa sababu hapo barabara bado inajengwa. Lami ilikuwa imekamilika hadi Mnivata, takriban kilomita 50 kutoka Mtwara, na kilomita 160 zilizosalia hadi Masasi zilikuwa mikononi mwa wakandarasi. Anayetaka kujua barabara kuu ni kitu gani na aione ikiwa bado wazi, kabla haijafunikwa.

Karibu na Tandahimba nilisimama zaidi ya saa moja nikitazama kazi ya tabaka moja tu. Malori yalimwaga kifusi, greda likakisambaza, boza likanyunyiza maji, na shindilia ikapita huku na huku hadi udongo mwekundu ukawa mgumu kiasi cha kulia chini ya kiatu. Kisha akaja fundi wa maabara, kijana mwenye brashi ya rangi mfukoni. Alilaza bamba la chuma lenye tundu katikati, akachimba kwa patasi shimo dogo la mviringo, akakusanya kila chembe ya udongo uliotoka kwa brashi yake na kuutia kwenye mfuko. Baadaye akamimina ndani ya shimo mchanga mkavu uliochekechwa, ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana, na kwa kupima mchanga ulioingia akapata ukubwa halisi wa shimo. Kutokana na hapo huweza kujua udongo umeshikana kwa kiwango gani. Alikuwa akirudia kazi hiyo kila baada ya umbali fulani, jua likiwa kichwani. Tabaka likifeli, linakwanguliwa na kushindiliwa upya. Barabara inayoitwa mbovu miaka mitatu baada ya kufunguliwa, mara nyingi ubovu wake ulianzia kwenye mashimo ya namna hii ambayo hayakupimwa, au yalipimwa na majibu yake yakapuuzwa.

Vijana kadhaa wa vijiji vya jirani wanafanya kazi hapo, wengi kama vibarua na waongoza magari, na baadhi wamejifunza kuendesha mitambo. Dada mmoja aliyeanza kwa kushika kibendera sasa anaendesha shindilia. Ujuzi huo hautaondoka mkandarasi atakapofunga kambi. Akina mama lishe wamejenga vibanda karibu na kambi na biashara yao ni nzuri, ingawa wao wenyewe wanajua kwamba kambi itahama.

Upande mwingine wa mambo nao upo, na wanaoishi kando ya kazi huuhisi kila siku. Vumbi jekundu limefunika migomba, mapaa na nguo zilizoanikwa. Boza likichelewa asubuhi, watoto hukohoa. Kuna nyumba zilizochorwa alama ya X, ya kubomolewa. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na hapo ndipo usemi unaosikika kote nchini unapopata uzito wake: aliyefuatwa na barabara hulipwa fidia, aliyeifuata barabara halipwi. Kanuni hiyo ni ya haki inapoelezwa mapema na fidia ikafika kabla ya tingatinga. Mama mmoja mjane, ambaye nyumba yake imesogezwa nyuma, aliniambia kwamba alilipwa, akajenga, na sasa chumba chake cha mbele anataka kukifanya duka kwa sababu kitatazamana na lami. Jirani yake alikuwa bado anasubiri, na muda wote wa kusubiri hawezi kukarabati paa wala kupanda mkorosho mpya. Nyumba zao zimetenganishwa na uzio wa miti tu, na barabara ileile imempa mmoja matumaini na mwingine mashaka, tofauti ikiwa ni tarehe ya malipo.

Niliuliza pia kuhusu mashimo ya kuchimbia kifusi. Mkandarasi mwangalifu huondoa kwanza udongo wa juu wenye rutuba, huurundika kando, na akimaliza kuchimba huusawazisha mteremko wa shimo, huurudisha ule udongo na kupanda nyasi au miti. Shimo likiachwa wazi hujaa maji ya mvua, mbu huzaliana, na watoto huzama. Shimo moja nililoonyeshwa lilikuwa limekwisha kurudishiwa udongo na mihogo ilikuwa imeota juu yake. Jingine, la zamani zaidi, lilikuwa na kuta wima na maji ya kijani chini. Wanakijiji walikuwa wameliwekea uzio wa miiba wao wenyewe.

Siku ya tano: Masasi hadi Tunduru

Hapa ni nchi ya korosho. Katika ghala la chama cha msingi cha ushirika nje ya Masasi, karani alinieleza jinsi barabara inavyoingia moja kwa moja katika malipo ya mkulima. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama, yakasafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa kwa mnada, na gharama za usafirishaji hukatwa kabla yeye hajalipwa. Lori likipita kwenye lami hutumia mafuta machache, matairi hudumu, na safari mbili hufanyika katika siku iliyokuwa ya safari moja. Ghala lililoko mbali na lami hukatwa zaidi kwa kila kilo. Aidha, korosho zikinyeshewa njiani au zikikaa kwenye unyevu hushuka daraja, na mnunuzi huliona hilo mara moja.

Ila karani alinyoosha mkono kuelekea njia ya vumbi iliyotokea nyuma ya ghala. Kijiji cha mwisho cha chama hicho kiko kwenye njia ile, na Januari hakifikiki kwa lori. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, zile za vijijini na mijini zikiwa chini ya wakala mwingine, TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na mkulima hutembea kwenye zote mbili katika safari moja ya gunia moja. Kwa maoni yangu kila mradi wa barabara kuu ungepaswa kuja na fungu la njia zinazoingia kwake, hata kama ni kuziwekea changarawe na makalvati tu, kwa maana bila hizo lami inakuwa mali ya wale wanaoishi kando yake na wale wanaopita.

Mchana lori nililopanda lilisimama kwenye mizani. Kwa sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56, na kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ina kikomo chake. Madereva hunung'unika, nami niliwahi kuwaelewa, mpaka mhandisi mmoja aliponieleza sababu. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki kwa uwiano sawa na uzito. Ekseli ikibebeshwa mzigo mara mbili, uharibifu hufika takriban mara 16. Malori machache yaliyozidisha yanaweza kula kwa msimu mmoja miaka kadhaa ya uhai wa lami ambayo wakulima wa ukanda huu waliisubiri tangu Uhuru. Barabara hii ilibuniwa wakati makaa ya mawe bado hayajaanza kupita hapa kwa wingi kuelekea Mtwara, na kwa hiyo mizani hizi ndizo zinazoilinda korosho ya mkulima.

Siku ya sita: Tunduru hadi Songea

Kati ya Tunduru na Namtumbo, umbali wa kilomita 193, nyumba hupungua, msitu wa miombo hushika pande zote mbili, na barabara inakata ushoroba, yaani ukanda wa kupitia wanyama, unaounganisha Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Hifadhi ya Niassa iliyo ng'ambo ya mto Ruvuma nchini Msumbiji. Vijiji vya pande hizi vimetenga sehemu ya ardhi yao kuwa jumuiya tano za hifadhi ya wanyamapori: Nalika, Mbarang'andu, Kimbanda, Kisungule na Chingoli. Hapa swali la mazingira haliwezi kukwepwa.

Askari wa wanyamapori wa kijiji, mwanamume wa makamo mwenye baiskeli, alinipeleka mahali ambapo tembo huvuka. Ilikuwa njia iliyokanyagwa hadi ikawa laini, ikishuka kutoka msituni, ikaingia mtaroni, ikapanda tuta na kuendelea upande wa pili bila kukatika hata kidogo. Kinyesi kilikuwa cha usiku uliopita. Mti uliokuwa kando ulikuwa umesuguliwa gome hadi kimo cha bega la tembo. Alisema wanavuka zaidi kati ya saa tatu usiku na alfajiri, jike mkubwa akitangulia, na kwamba huwa wanasimama kwanza ukingoni kama wanaosikiliza.

Katika eneo zima la Selous tembo walikuwa zaidi ya 100,000 miaka ya 1970, na sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu. Ujangili huo mkubwa haukuhitaji lami, lakini barabara nzuri humrahisishia jangili kama inavyomrahisishia mlinzi. Nilimuuliza askari yule yeye anaionaje. Alijibu kwamba zamani tembo wakivamia mahindi ya watu, gari la askari wa wilaya lilifika baada ya siku mbili, na wanakijiji walikuwa wamekwisha kuchukua mikuki. Sasa gari hufika usiku uleule. Watu wakiona msaada unafika, hasira dhidi ya wanyama hupungua, na taarifa za wageni wenye silaha nazo hutolewa mapema. Wasiwasi wake mkubwa uko kwingine, katika vibanda na mashamba mapya yanayochipuka kando ya lami ndani ya ushoroba. Gari moja linalopita halizibi njia ya tembo, ila safu ya nyumba na mashamba yenye urefu wa kilomita kumi inaiziba kabisa.

Ninaamini hapa ndipo panapohitaji uamuzi thabiti kuliko mahali pengine popote katika njia hii: mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji iheshimiwe, sehemu za kuvukia zibaki bila makazi, na mwendo wa magari ya usiku upunguzwe kwa matuta na alama. Yote hayo ni nafuu sana yakifanywa sasa. Kuhamisha kijiji kilichokwisha kujenga shule na msikiti ni gharama nyingine, ya fedha na ya machozi.

Namtumbo hadi Songea tulikwenda jioni, mvua ikinyesha njia nzima, na hakuna abiria hata mmoja aliyeitaja.

Siku ya saba: Songea, Mbinga na Mbamba Bay

Kutoka Songea barabara inapita Peramiho, yenye hospitali ya misheni inayopokea wagonjwa wa mkoa mzima, kisha inapanda kwenda Mbinga katikati ya kahawa. Muuguzi aliyekaa kiti cha jirani aliniambia kwamba kabla ya lami, mama aliyepata uchungu pingamizi pande za ziwani alikuja akiwa amelala juu ya lori au hakuja kabisa. Hakutaka kueleza zaidi, nami sikumuuliza.

Kilomita 66 za mwisho, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zinateremka kwa kona kali kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani. Kwenye miteremko hii Wamatengo wamelima kwa ngoro tangu zama za mababu: huzilaza nyasi katika miraba, huzifunika kwa udongo na kuacha shimo katikati ya kila mraba, ili maji ya mvua yatue humo na udongo usiteremke. Mteremko mzima huonekana umejaa mashimo yaliyopangwa kwa mistari, na mahindi au maharage yanaota kwenye matuta yake. Barabara ikikata mlima kama huu hukusanya maji ya mlima mzima mtaroni mwake, na mtaro ukimwaga maji hayo juu ya shamba la ngoro, kazi ya vizazi huondoka kwa mvua moja. Sehemu nyingi nilizoziona maji yanateremshwa kwa ngazi za zege na mawe hadi kwenye kijito. Mahali pamoja ngazi iliishia katikati ya mteremko, na chini yake kulikuwa na korongo jipya lenye kina cha mtu mzima, likielekea kwenye maharage ya mtu. Pale panahitaji ngazi kuongezwa kwa mita chache tu.

Mbamba Bay tulifika saa tisa. Pwani kulikuwa na harakati za ujenzi wa bandari, na soko la samaki lilikuwa limechangamka. Mama mmoja mfanyabiashara wa usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, alikuwa akipanga masanduku ya barafu karibu na kituo cha basi. Zamani, alisema, usipa wote ulianikwa mchangani, na mvua ikinyesha mfululizo ulioza, kwa hiyo siku za mvua hakununua kitu kwa wavuvi na wao wakarudisha nyavu ndani. Sasa huchukua oda kwa simu kutoka Mbinga na Songea asubuhi, hununua alfajiri inayofuata, na mzigo mbichi hupanda basi la mchana. Wavuvi wanne wanamtegemea yeye kwa kuuza, na wote wanajua atanunua kiasi gani kabla hawajaingia majini.

Anao mdogo wake katika biashara hiyohiyo, huko Liuli, kaskazini mwa hapa kwenye ufuko uleule. Njia ya Liuli bado ni ya changarawe. Basi lilipopiga honi masanduku ya dada mkubwa yalipakiwa na kufungwa kamba. Ya mdogo wake yalikuwa hayajafika, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imekata njia kwenye kijito, na bodaboda aliyeyabeba alikuwa amepiga simu kusema anasubiri maji yapungue.